Soma Stika Kwanza: Kuchagua Pawa Saplai ya Kompyuta Yako ya Kwanza ya Gemu

Anayejijengea kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza huanza na kadi ya grafiki. Kadi anaijua kwa jina na namba, na ameshatazama video za kutosha kujua gemu lake litakimbia vipi. Pawa saplai huja mwisho, pesa zikiwa zimekaribia kuisha, na huchaguliwa kwa swali moja tu: wati ngapi?

Swali hilo halitoshi. Pawa saplai ndiyo inayopokea umeme wa ukutani kwa niaba ya vifaa vyote vilivyomo ndani ya kasha, na ikifa vibaya inaweza kuondoka na ubao mama, kadi na diski kwa pamoja. Siku ambayo kila kitu kimetulia, mbovu na nzuri hufanya kazi ileile. Tofauti huonekana umeme unaposhuka ghafla, kadi inapovuta kuliko kawaida, feni inapokwama au waya mbili zinapogusana. Anayenunua anatakiwa aone dalili za tabia hiyo kabla hajalipa.

Dalili ya kwanza ipo kwenye stika. Dukani, kijana atakuonyesha boksi: "Hii wati 600, kaka, inasukuma kadi yoyote." Mwombe kwa heshima aitoe kwenye boksi na kuigeuza ubavuni, penye jedwali dogo lenye safu za +3.3V, +5V, +12V, -12V na +5VSB, na ampea chini ya kila moja. Safu ya kutazama ni ya +12V. Prosesa na kadi ya grafiki, ambavyo ndivyo walaji wakubwa, hula hapo. Zidisha ampea zake kwa 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 itaandikwa ampea 45 hivi, yaani wati 540, karibu uwezo wake wote. Ile ya "600" ya bei ya kutupa unaweza kuikuta na ampea 22. Hizo ni wati 264. Wati zinazobaki zimejazwa kwa volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya leo inazigusa kidogo tu, au hazipo kabisa.

Mgawanyo huo una historia. Zamani prosesa zililishwa kutoka volti 5 au 3.3, na pawa saplai zikatengenezwa hivyo. Kuanzia mwaka 2000, enzi za Pentium 4, mzigo wa prosesa ulihamia volti 12. Kiwanda kinachotaka kubana gharama bado kinaweza kutoa umbo la zamani, ambamo volti 12 na volti 5 zinasimamiwa na saketi moja: volti 12 ikivutwa sana inashuka, na volti 5 inapanda bila sababu. Muundo mpya hutengeneza volti 12 kwanza, kisha 5 na 3.3 zinakatwa kutoka humo. Ndiyo maana ukiona safu ya +12V inakaribia sana jumla ya wati, unajua pia kilichomo ndani bila kufungua skrubu.

Sasa hesabu ya mzigo. Chukua mashine ambayo wengi huanza nayo: prosesa ya Core i5-12400F na kadi ya RTX 4060. Kwa takwimu za Intel wenyewe, prosesa hiyo inaweza kufika wati 117 ikikazana. Kadi ni wati 115. Ubao mama, RAM, SSD, feni na mataa vipe wati 50. Jumla 282. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 inaubeba mzigo huo bila taabu, na ya 550, ambayo Nvidia wanaipendekeza kwa kadi hiyo, inakuachia nafasi ya kupandisha kadi baadaye. Anayekushawishi uchukue 850 kwa mashine hii anakupotezea pesa. Nyongeza hiyo iweke kwenye ubora wa 550.

Ukipanda kwenye kadi kubwa, hesabu ya karatasi hudanganya. RTX 3080 imeandikwa wati 320, lakini kwa muda mfupi mno, usiofika hata kupepesa jicho, huvuta zaidi sana ya hapo. Kadi hizo zilipotoka mwaka 2020, wapo waliojumlisha vizuri na bado kompyuta zao zikazima katikati ya gemu, kwa sababu kinga ya pawa saplai iliuona mruko ule kama hatari. Kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kililishughulikia jambo hilo: pawa saplai inayokifuata, yenye plagi mpya ya pini 16, inatakiwa ivumilie mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Kwa kadi ya wati 300 na kuendelea, nisingenunua nyingine. Plagi hiyo yenyewe ilianza vibaya. Mwaka huohuo baadhi ya watu wenye RTX 4090 waliikuta imeyeyuka, nyingi zikiwa hazikusukumwa hadi mwisho, na mwaka 2023 likatoka toleo la 12V-2x6 ambalo haliruhusu umeme kupita mpaka plagi ikae sawasawa.

Beji ya 80 PLUS nayo ina mipaka yake. Mpango huo ulianza Marekani mwaka 2004, na unapima kitu kimoja: kati ya umeme unaovutwa ukutani, kiasi gani kinafika kwenye kompyuta na kiasi gani kinapotea kama joto. Kwenye kipimo cha volti 115, Bronze lazima ifikishe asilimia 85 ikiwa na nusu ya mzigo, na Gold asilimia 90; kwa volti 230 za kwetu matokeo huwa mazuri kidogo zaidi. Faida ipo. Mzigo wa wati 300 ukihudumiwa kwa asilimia 80 unavuta wati 375 ukutani, na kwa asilimia 90 unavuta 333. Ukicheza saa nne kila siku, kwa mwaka unaokoa uniti 60 hivi. Lakini vipimo vyenyewe hufanywa kwenye chumba cha nyuzi joto 23 hivi, na chumba cha Tanga au Mombasa mwezi Februari hakipo huko. Tena beji haisemi lolote kuhusu kinga wala usafi wa umeme unaotoka. Na huchapwa pia na wasiostahili, kwa hiyo jina kamili la modeli litafute kwenye orodha ya wazi ya mpango wenyewe.

Mfano unaojulikana ni wa Gigabyte: jina kubwa, beji ya Gold, modeli za GP-P750GM na GP-P850GM. Wapimaji huru walizizidishia mzigo na baadhi zikafa kwa mlipuko. Agosti 2021 kampuni ikatangaza kwamba imeshusha kizingiti cha kinga ya mzigo, kutoka asilimia 120 hadi 150 ya uwezo mpaka asilimia 110 hadi 120, na ikakubali kubadilisha za zamani. Kwa hiyo kwenye karatasi ya maelezo tafuta herufi hizi: OVP, UVP, OCP, OPP, SCP, OTP. Ni kinga za volti kuzidi, volti kupungua, mkondo kuzidi, nguvu kuzidi, shoti na joto. OTP, ya joto, ndiyo inayokosekana kwenye nyingi za bei nafuu, na ndiyo ambayo mtu wa pwani asikubali kuikosa.

Jina la nje, kwanza, mara nyingi si la aliyeitengeneza. Kampuni nyingi za gemu hununua kutoka viwanda vichache kama Channel Well, Great Wall, FSP, Super Flower na Seasonic, na kampuni moja inaweza kuwa na modeli nzuri sana na nyingine ya kukwepa, rangi ya boksi ikiwa ileile. Tathmini modeli kamili, pamoja na herufi zake za mwisho.

Ndani usifungue. Kapasita kubwa hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa, na inaua. Ila kuna ya kuona kwa nje. Mulika tochi ya simu kupitia matundu upande wa soketi. Penye kuingilia umeme panatakiwa pawe na koili za shaba na kapasita za kuchuja. Ukiona nafasi zimechorwa kwenye ubao lakini hazina kitu, au mahali pa koili pamepitishwa kipande cha waya, irudishe palepale. Geukia kebo: juu ya ganda la waya pameandikwa 18AWG, au 20, au 22. Namba ikiongezeka, waya inakonda, na kebo ya kadi isiwe nyembamba kuliko 18. Kisha tazama kama kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Hicho ni alama ya muundo wa kale. Mpya huandikwa 100-240V na kujirekebisha zenyewe, na hakuna mtoto atakayekisogeza kiswichi kwenda 115 na kuilipua. Ndani pia, kwa maelezo ya kiwanda, kapasita ziwe za nyuzi 105, si 85. Kila nyuzi 10 za joto zinazopungua, umri wa kapasita huongezeka kama maradufu, kwa hiyo tofauti hiyo ya 20 ni ya miaka. Nichicon, Rubycon na Nippon Chemi-Con za Japani zina sifa ya haki.

Umeme wa majumbani kwetu ndio mtihani wenyewe. Siku ya umeme mdogo, pawa saplai ya 100-240V itaendelea kufanya kazi ukutani pakiwa na volti 170, ingawa itavuta mkondo mwingi zaidi na kuchemka. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni hatari kubwa zaidi. Weka kifaa cha kulinda mfano wa kile cha friji, kinachosubiri dakika chache hadi umeme utulie ndipo kiruhusu. UPS ni bora zaidi, lakini ipatane na pawa saplai. UPS za kawaida huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Katika pengo hilo pawa saplai inaishi kwa akiba iliyo kwenye kapasita yake, na akiba ya milisekunde 16 au 17 inatosha; za kubana gharama hazifiki, na kompyuta inazima huku UPS ikilia. Pia UPS na inveta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hulikataa. Na "650VA" si wati 650. Kwa kawaida ni wati 400 au pungufu.

Halafu kuna waya ya ardhi. Ukigusa kasha ukahisi linatekenya vidole, usiilaumu pawa saplai haraka. Kichujio chake kina kapasita ndogo zilizounganishwa na bati, na mahali pa kumwaga mkondo huo mdogo ni ardhini. Kasha likitekenya, ardhi haipo: ama ekstensheni ina pini ya tatu ya mapambo, ama aliyefunga nyumba hakuifikisha. Mwite fundi aliyesajiliwa apime, si kishoka. Bila ardhi, sehemu ya kinga uliyoilipia haifanyi kazi.

Wanaoanzia kwenye Dell au HP za ofisi zilizotumika wajue jambo moja: pawa saplai zake huwa imara lakini ndogo, na kwa modeli nyingi plagi zake si za ATX. Pima kabla hujanunua nyingine. Ya mtumba peke yake mimi sinunui, kwa kuwa hakuna njia ya kujua imechemka miaka mingapi. Mpya iwe na waranti ya miaka mitano, na uulize anayeitekeleza ni duka au ni kiwanda.

Kama kebo zake zinachomoka, tumia zilizokuja nayo tu. Upande wa kadi plagi zinafanana duniani kote. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na kebo ya kuazima inaweza kuingia vizuri kabisa na kupeleka volti 12 kwenye SSD inayosubiri 5.

Ukishafunga, endesha gemu zito kwa nusu saa, kisha pima kwa mita kwenye plagi ya molex iliyo wazi, waya ya njano na nyeusi. Inatakiwa isome kati ya 11.4 na 12.6. Nzuri haitasogea sana kutoka 12 hata mzigo ukipanda na kushuka. Ikishuka chini ya 11.6 na inaendelea kushuka kadiri inavyochemka, bado iko ndani ya kiwango, lakini irudishe dukani wiki hiyohiyo ukiwa na risiti.