Kinyago Kinachomfuata Mwajiri: Mtindo wa Picha katika Onyesho la Mwisho la "La Noire de..."

Filamu ya Ousmane Sembène, "La Noire de...", iliyotolewa mwaka 1966, huelezwa mara nyingi kwa maudhui yake tu. Diouana, msichana wa Dakar, anapelekwa Antibes, Ufaransa, akitumaini kulea watoto. Huko anageuzwa mtumishi wa kazi zote, na hatimaye anajiua. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Hadithi fupi iliyozaa filamu hiyo, ambayo Sembène aliichapisha mwaka 1962 katika mkusanyo "Voltaïque", inaishia kwenye habari ndogo ya gazeti. Filamu inaendelea: mwajiri anarudi Dakar na sanduku la marehemu. Ni katika nyongeza hiyo ambapo picha zenyewe zinatoa hukumu.

Kwanza, izingatiwe rangi. Filamu ni ya nyeusi na nyeupe, na mwongozaji amegeuza jambo hilo kuwa lugha. Katika nyumba ya Antibes, kinyago ambacho Diouana aliwazawadia waajiri wake kinatundikwa peke yake juu ya ukuta mweupe mtupu. Diouana naye anaonyeshwa vivyo hivyo: amezungukwa na weupe, anatazamwa, anaamriwa. Hata mawazo yake yanasikika kwa Kifaransa, katika sauti ya Toto Bissainthe, ilhali mwili tunaouona ni wa Mbissine Thérèse Diop. Sauti na mwili vimetenganishwa.

Onyesho la mwisho linapindua mpangilio huo. Ukuta hakuna tena. Pana jua, njia za mtaa na watu. Mama wa marehemu anakataa fedha anazopewa. Mvulana mdogo anakichukua kinyago, anakivaa usoni, na kuanza kumfuata mwajiri. Hatupi jiwe wala hatoi neno. Mwajiri anageuka nyuma, na kinyago kipo. Anaharakisha hatua, anageuka tena, na kinyago bado kipo. Hofu yote inatokana na kupokezana kwa picha hizo mbili: mtu anayegeuka na uso wa mti usiobadilika. Aliyezoea kutazama sasa anatazamwa, na kitu kilichokuwa pambo kimepata miguu.

Ipo tafsiri inayokiona kinyago hicho kuwa roho ya mababu, au Afrika nzima inayomfukuza mkoloni. Tafsiri hiyo inavutia, lakini ina hatari ya kurudia kosa la mwajiri mwenyewe, aliyekithamini kinyago kama kielelezo cha Afrika halisi bila kumwona aliyekileta. Filamu imekipa kinyago historia ndogo na bayana: kilikuwa mikononi mwa mtoto, kikawa zawadi, kikawa pambo, kikagombewa na wanawake wawili, kisha kikarudi kwa mtoto. Kinachomfuata mwajiri, basi, ni mdai. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa; lakini deni hili halilipiki kwa noti, na mama ameshalikataa lilipwe hivyo. Ndiyo sababu mwajiri hana la kufanya ila kukimbilia gari lake.

Gari likishaondoka, mvulana anakishusha kinyago, na uso wake unabaki mbele ya kamera. Kama kinyago kingekuwa ishara ya mizimu tu, filamu ingeweza kuishia kwenye kinyago. Sembène hakufanya hivyo. Nyuma ya uso wa mti ameweka mtoto aliyefiwa, na ni huyo anayeachwa na mtazamaji. Mwanafunzi wa fasihi anayetafuta ishara hana budi kuanza na mambo hayo yanayoonekana: nani anamtazama nani, kutoka wapi, na nini kinabaki katika picha baada ya wengine kuondoka.