Hesabu ya Jioni

Mfanyakazi wa Busia haonekani sana kwenye riwaya zetu, lakini kwenye majarida ya uchumi ya Marekani amejaa tele. Mwaka 1998 shule za msingi 75 za wilaya hii ziliingizwa kwenye mradi wa dawa za minyoo. Shule nyingine zilianza, nyingine zikangoja zamu yao, na Michael Kremer na Edward Miguel wakalinganisha. Tangu hapo watafiti hawajakoma kuja. Mwaka 2019 Kremer akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa mtindo huo huo wa majaribio. Basi hebu tuyasome maandishi haya jinsi tunavyosoma fasihi nyingine: nani anaongea, nani anaonekana, nani amefichwa. Nimechagua makala mawili, na ugomvi wangu nayo uko kwenye neno moja: hesabu.

Kwenye steji za boda, hesabu si somo la shule. Ni pesa ambazo dereva asiye na pikipiki yake humpelekea mwenye pikipiki kila jioni. Mvua inyeshe, abiria wakosekane, tairi lipasuke, hesabu ni ile ile. Kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho chake. Ukimuuliza kama ameajiriwa atacheka. Ukimuuliza kama amejiajiri, pia atacheka.

Makala ya kwanza yalitoka 2016 katika Quarterly Journal of Economics. Yameandikwa na Sarah Baird, Joan Hamory Hicks, Kremer na Miguel, na jina lake, “Worms at Work”, mimi ningelitafsiri “Minyoo Kazini”. Waandishi waliwafuata wale wanafunzi miaka kumi baadaye, wakiwa watu wazima. Ukweli usemwe, hiyo si kazi ya mchezo, maana vijana wa huku hawakai mahali pamoja. Walichopata ni kwamba wanaume waliostahili kupata dawa wakiwa wavulana wanafanya kazi saa nyingi zaidi kwa asilimia 17 kila wiki, na wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi za viwandani. Wanawake waliosoma katika shule zilizopata dawa wana uwezekano mkubwa zaidi, kwa kama robo hivi, wa kuwa waliingia sekondari. Halafu kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko yote: milo ambayo wanaume hao wanaikosa kwa wiki imepungua kwa mmoja. Hapo unaiona sahani, na unamwona mtu aliyeketi mbele yake.

Lakini zile saa za ziada? Muhtasari unaziorodhesha pamoja na mambo mema, na kwa mtu ambaye angekuwa mgonjwa ni jambo jema kweli. Ila saa ya kazi ina mwenyewe. Kijana anayepakua magunia Malaba akiongeza saa mbili, nani kaongezewa? Yeye, mwenye lori, au mwenye mzigo? Asilimia 17 haiwezi kutuambia.

Makala ya pili ni ya Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, ya 2013, na yanatoka Bumala, barabara hiyo hiyo ya kwenda mpakani. Waliwafungulia akaunti za benki zisizo na riba baadhi ya wachuuzi wa soko, wengi wao akina mama, na baadhi ya wanaume wa boda, enzi hizo za baiskeli. Akina mama wengi walizitumia akaunti hizo ingawa ada ya kutoa pesa ilikuwa kubwa, wakaweka akiba zaidi na kuongeza mtaji. Kwa watu wa boda, muhtasari unasema, hakuna badiliko lililoonekana. Sentensi moja fupi, kisha wanaume hao wanatoweka.

Nimeng’ang’ania muhtasari kwa sababu ndio unaosafiri. Ofisini Nairobi, Washington au Geneva, wengi husoma huo tu. Na ndani ya muhtasari wa Bumala, mama wa soko na mtu wa boda wote ni “waliojiajiri”. Hilo neno linafanya kazi kubwa kimyakimya: linamwondoa tajiri kwenye picha. Abaki mtu na bidii yake, na kama hakusonga mbele, basi tatizo litafutwe ndani yake.

Sheria yetu ya Ajira ya 2007 angalau inauliza kuhusu tajiri. Inatambua hata mkataba wa mdomo. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Taniboi wa lori pale Malaba anaweza kuishika hiyo. Dereva wa hesabu inamponyoka, kwa sababu yeye ndiye anayelipa badala ya kulipwa. Kule Uingereza swali kama hilo lilifika Mahakama ya Juu, na Februari 2021 ikaamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi, wala si wafanyabiashara huru. Majaji walitazama nani anapanga bei na nani anaweza kumfungia mwenzake kazi.

Kuna wanaoandika mpaka huu kwa namna nyingine. Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda, katika sura iliyotoka 2007, waliwafuata watu wenye ulemavu wa upande wa Uganda wanaovusha bidhaa Busia kwa baiskeli za magurudumu matatu. Humo kuna forodha, kuna chama chao, kuna mahusiano ya kupatana na kutegemeana. Hakuna jaribio la kulinganisha makundi, na waziri hawezi kupewa asilimia ya kunukuu. Lakini ukimaliza kusoma unajua kazi ile inakaliwa na nani, na nani yuko juu ya nani.

Nami nimewahi kuzunguka vijijini na dodoso, kwa shirika ambalo halina haja ya kutajwa. Tulilipwa kwa siku, na siku ambayo mhojiwa hakupatikana malipo yalikuwa na maneno. Tuliuliza watu kama wana likizo ya ugonjwa, sisi wenyewe hatuna. Kwenye ripoti, watu kama sisi huingia kwenye tanbihi ya shukrani.

Sisemi watafiti waache kuja. Ule mlo mmoja usingejulikana bila wao. Ninachodai ni swali moja liongezwe kwenye dodoso, kwa Kiswahili cha steji, lipewe nafasi juu karibu na jina na umri, na jibu lake lifike mpaka kwenye muhtasari: Jioni unapeleka hesabu kwa nani?