Usimcheke Koji

Nilitazama Tokyo Idols usiku mmoja hapa Voi, simu ikiwa kwa chaji na malori ya barabara ya Mombasa yakinguruma nje. Ni filamu ya hali halisi ya Kyoko Miyake, ilitoka 2017. Inamfuata Rio Hiiragi, mwimbaji ambaye mashabiki wanamwita RioRio, na Koji, jamaa wa miaka 43 asiyekosa shoo zake. Akiba aliyojiwekea ya kuoa imeishia huko.

Mwanzoni nilicheka. Wanaume wazima, jasho linawatiririka, wanarusha mikono kwa mpigo mmoja mbele ya msichana, kisha wanapanga foleni wamshike mkono kwa sekunde chache. Nikasema, hawa wamekosa kazi.

Lakini hii ni biashara, tena yenye akili. AKB48, kundi lililoanza 2005 kule Akihabara, Tokyo, liliuza nyota unayeweza kukutana naye. Kuanzia 2009, kura za kuchagua nani asimame mbele zilikuja na CD: ukitaka kura mia, nunua CD mia. Mchezo huo si mgeni kwetu. Tusker Project Fame ilipoanza 2006, watu walimaliza kredo wakimpigia mtu wao kura kwa SMS.

Na mimi je? Mwaka nilioacha chuo nilirudi nyumbani, na usiku nilikuwa namtumia manzi mmoja zawadi kwenye TikTok laivu. Namtumia waridi moja, anataja jina langu: asante. Siku nyingine hiyo ndiyo ilikuwa mara pekee mtu kuniita bila kuniuliza narudi chuo lini. Koji hanunui wimbo. Ananunua kuitwa.

Miyake hapigi kelele, na hapo ndipo filamu yake ina nguvu. Anakuacha umhurumie Koji, halafu anakuonyesha wasichana wa miaka kumi hivi wakipeana mikono na watu wazima. Huruma inakukwama kooni. Upweke wa Koji ni wa kweli, ila anayeulipia ni msichana anayelazimika kutabasamu.

Mwaka 2013 Minami Minegishi wa AKB48 alinyoa nywele na kuomba msamaha kwenye video, akilia, baada ya jarida kufichua kwamba alilala kwa mpenzi wake. Niliposoma hayo nilisema ni ukatili mtupu. Kisha yule manzi wa laivu akatangaza amechumbiwa, na kwa dakika nzima nilihisi nimeibiwa.

Kumbe waridi zangu nilikuwa nazihesabu.