Askari wa Kwanza, Askari wa Pili: Jina la Polisi katika Tamthilia na Usemi wa Wakenya

Mtu akifungua ukurasa wa wahusika katika tamthilia za Kiswahili zilizoandikwa nchini Kenya, hukutana mara kwa mara na desturi moja ambayo wahakiki wetu wameipita bila kuisemea. Mtawala ana jina. Anayempinga ana jina. Mke, binti na ndugu wana majina. Askari wana nambari. Katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), Mtemi Bokono wa Butangi amechorwa kwa mapana, na Mwelusi anayempinga vivyo hivyo. Hata Gege, anayemuua nduguye Mwelusi kwa tamaa ya kumwoa binti Mtemi, amepewa nafasi ya kutosha mbele ya hadhira ili imhukumu. Lakini wale wanaomlinda Mwelusi kifungoni ni Askari I, Askari II na Askari III. Kosa la Gege tunalijua kwa kuwa Gege mwenyewe tunamjua. Kosa la Askari II hatujui tumbebeshe nani.

Makala haya yanadai kwamba nambari hiyo haitokani tu na haja ya kupunguza idadi ya wahusika. Mwandishi anayemnyima askari jina, hata kama nia yake ni kuushutumu utawala, anaazima pasipo kujua utetezi ambao utawala wenyewe umezoea kuutoa, yaani kwamba aliyepiga alikuwa ametumwa na aliyetuma hayupo. Umma wa Kenya, ambao malalamiko yake juu ya polisi ndiyo chimbuko la michezo hii, umeanza kuukataa utetezi huo, na unaukataa kwa lugha iliyo makini kuliko ile ya jukwaa letu.

Itasemwa kwamba askari wa jukwaani ni mhusika bapa kwa makusudi. Hoja hii ina uzito, na yafaa ipewe haki yake. Uhakiki wa miaka ya 1970 na 1980 ulitufundisha kumtazama askari kama chombo cha dola, na dola kama chombo cha tabaka. Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981) ilikuja katika hali hiyo ya fikra. Wafanyakazi wa shamba la mlowezi wanagoma chini ya uongozi wa mwanamke, Lanina, na nguvu za sheria zinasimama upande wa mwenye shamba. Ilikuwa lazima jambo hilo lisemwe waziwazi wakati ule, na mwandishi wake mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1982. Si haki kumdai mtu wa mazingira hayo kwamba hakuitafuta nafsi ya yule aliyeshika rungu.

Hata hivyo chombo hakina dhamiri, wala hakiwezi kushtakiwa. Ukisema askari ni rungu mkononi mwa mtawala, umekwisha kumwachilia. Tena raia hakutani na dola njiani. Hukutana na mtu mmoja mwenye kofia, saa tatu za usiku, aliye na uwezo wa kumwachia apite au kumpeleka kituoni, na anayeamua moja kati ya hayo mawili kwa sababu zake mwenyewe. Uamuzi huo mdogo ndio kiini cha manung'uniko ya Wakenya juu ya polisi, nao hauwezi kuonekana katika mhusika aliyezuiwa kuamua tangu ukurasa wa orodha.

Wala jina peke yake halitoshi. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009), askari wa Meya ameitwa Gedi. Lakini Gedi anaishi ndani ya amri ya Meya, na nje ya amri hiyo hatuna njia ya kumfuata. Hatuoni anapokwenda zamu yake ikiisha, wala anamweleza nini mkewe kuhusu wafanyakazi aliowatawanya. Aliyewahi kuzisomesha tamthilia hizi na kuwagawia wanafunzi sehemu za kuigiza anafahamu kwamba nafasi ya askari hupewa yule mwenye kifua kipana na kumbukumbu fupi.

Tugeukie sasa lugha yenyewe, kwani hapo ndipo raia amewatangulia waandishi. Neno askari lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mwanajeshi, na halikuipoteza kabisa maana hiyo lilipopewa mlinzi wa mji. Tanzania hadi leo jina rasmi ni Jeshi la Polisi. Kenya ilibadilisha jina kwa Katiba ya 2010 ikaunda Huduma ya Taifa ya Polisi, jina linalopatana vyema na kaulimbiu ya zamani ya polisi wa Kenya, "Utumishi kwa Wote". Mtumishi, kwa mujibu wa mzizi wa neno, ni mtu anayetumwa. Swali la nani humtuma ndilo ambalo kaulimbiu imeliacha wazi, na raia wamekuwa wakilijaza kwa kejeli zao miaka mingi.

Lakini raia huyohuyo anaposimamishwa barabarani hasemi "mtumishi". Husema "afande". Neno hili lina asili ya Kituruki, na liliingia Afrika Mashariki pamoja na wanajeshi Wasudani walioandikwa katika majeshi ya wakoloni. Ndivyo askari wa chini alivyomwita mkubwa wake. Kwa hiyo raia anayemwita polisi "afande" amejiweka mwenyewe katika safu, tena safu ya kuruta, kabla hajaulizwa swali lolote. Kisha huja ombi la kitambulisho. Wazee wetu walisikia ombi hilo katika umbo la kipande, kilichowekwa kwa sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea nacho. Kipande kilikwisha, ila utaratibu wa mazungumzo ulibaki: mmoja anaamuru, mwingine anapapasa mfukoni. Baadaye, mara nyingi, sauti hushuka, na lugha ya amri inageuka ghafla kuwa lugha ya ujirani. Hapo ndipo yanapotokea maneno "kitu kidogo", "chai" na "kuongea vizuri". Msamiati huu umechunguzwa kama tafsida, na kweli ni tafsida, lakini sijaona wahakiki wakitaja kwamba ndiyo nafasi pekee katika makutano hayo ambapo pande mbili huongea kama watu sawa. Hongo ndiyo inayowasawazisha kwa dakika mbili. Mandhari hiyo ni ya mchezo wa kuigiza uliokwisha kukamilika, na bado inamsubiri mwandishi.

Sarufi nayo inashiriki katika jambo hili. Nomino polisi haina alama ya umoja wala wingi. Ni kitenzi tu kinachotuambia kama ni mmoja au wengi, na katika taarifa za habari kitenzi hicho mara nyingi kimo katika wingi: polisi walifyatua, polisi waliwatawanya. Wingi huo ni pazia, na nyuma yake mtu mmoja aliyevuta kifyatulio anatoweka. Ikiwa hata wingi unaonekana kutaja mno, kuna kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda, aliuawa. Na ikiwa hata hiyo ni nzito, kuna kauli ya kutendeka, risasi ilifyatuka. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua tofauti baina ya kufyatua na kufyatuka. Kitenzi cha kwanza kinadai mtu. Cha pili kinaridhika na bunduki peke yake. Lipo pia lile fungu la maneno "risasi iliyopotea", ambalo huifanya risasi ionekane kama mtoto aliyekosa njia ya kurudi nyumbani.

Yafaa ilinganishwe na lugha ya mitaa ya Nairobi, ambayo wengi wetu tumezoea kuitazama kwa dharau. Huko polisi ni karao, na wakiwa wengi ni makarao. Ni sanse, na wakiwa wengi ni masanse. Neno rasmi limeficha idadi, neno la mtaani limeirudisha. Sidai kwamba vijana walifanya hivyo kwa mpango. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa mtaani anaweza kusema "karao" na ikaeleweka pasipo kitenzi kwamba anamsema mmoja, yule aliyemwona.

Kwamba fasihi ya Kiswahili yenyewe imewahi kumpa polisi jina na akili, ushahidi upo, ingawa si wa Kenya wala si wa jukwaani. Tukivuka hadi Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), yupo Inspekta Seif, afisa wa polisi anayechunguza mauaji sambamba na Bwana Msa. Riwaya inampa Bwana Msa, raia mwenye kiko, ushindi wa akili. Lakini ushindi huo una ladha kwa sababu Seif ni mtu anayeweza kukosea na anayeweza kujifunza. Ni kweli kwamba riwaya ya upelelezi inamhitaji polisi kwa sababu za utanzu wake, na kwamba haikubebeshwa uchungu wa siasa uliobebeshwa tamthilia ya Kenya. Lakini inaonyesha kwamba lugha haikuwa kizuizi.

Turudi Kenya. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na zaidi ya theluthi moja ya hao walikufa kwa risasi. Mengi yaliyofuata katika sheria yalikuwa, kwa jicho la mhakiki wa lugha, jitihada ya kulirudisha jina. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa aliyevaa sare aonyeshe jina lake au nambari yake mahali panapoonekana. Mwaka huohuo iliundwa kwa sheria mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo cha mtoto mchanga aliyejeruhiwa Kisumu wakati wa msako wa polisi mwaka 2017 ulimalizika 2019 kwa kuwataja makamanda waliopaswa kuwajibika. Kisha yakaja maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha. Miongoni mwa mambo yaliyowaudhi raia ni askari wasiovaa sare, wengine wakiwa wamefunika nyuso. Kiswahili kina jina la kale la askari asiyevaa sare: askari kanzu. Jina hilo lilikuwa na ucheshi ndani yake. Mwaka 2024 ucheshi huo ulikauka, na watu wakaanza kusambaza picha wakiulizana: huyu ni nani, anaitwa nani, anafanya kazi kituo gani.

Hilo ndilo swali ambalo Askari II hawezi kulijibu. Sheria imedai jina au nambari, umma umedai jina, tamthilia imetoa nambari.

Sitaki nieleweke kama ninayewaombea askari huruma. Kumpa mhusika jina na nyumba ni njia ya kumzuia asikimbilie nyuma ya aliyemtuma. Ripoti ya kikosi kazi cha Jaji mstaafu Philip Ransley (2009) ilieleza hali mbaya ya makazi ya polisi, na habari za familia mbili kugawana chumba kwa pazia zimesemwa hadharani kwa muda mrefu. Mwandishi mwenye jicho angeliona katika pazia hilo jukwaa tayari. Upande mmoja koplo aliyerudi kutoka kwenye maandamano, upande wa pili mke wa mwenzake anayesikiliza redio ikisema kwamba risasi zilifyatuka. Koplo anajua hazikufyatuka zenyewe. Mwanamke yule, kwa kimya chake, naye anajua. Watoto wamelala. Mazungumzo yatakayofuata hapo yanahitaji wahusika wenye majina, kwa kuwa itabidi mmoja wao amwite mwingine.