Pongezi kwa Mkaguzi wa Nyama

Bucha za Molo na Kinangop hazijafunguliwa, naye mkaguzi wa nyama ameshavaa gambuti na koti jeupe. Analipapasa ini la kondoo, analipasua upande wa ndani, anaibana mirija ya nyongo. Kama minyoo ya ini imo, inachomoza: bapa kama jani, rangi ya kahawia, urefu hata sentimita 3. Sehemu yenye minyoo haiuzwi. Mwenye kondoo hununa, na hasara yake ni ya kweli.

Hata hivyo namheshimu sana mtu huyu. Minyoo michanga hutoboa ini na kuweza kumuua kondoo ghafla, ilhali kinyesi hakionyeshi yai lolote kwa takriban miezi miwili ya mwanzo. Kisu cha mkaguzi ndicho hufichua kwamba kundi limelishwa bondeni, kwenye majani ya majimaji yenye konokono wanaoeneza minyoo hiyo.

Mfugaji, muulize aliona nini, kisha umpelekee daktari wa mifugo jibu hilo kabla hujanunua dawa. Dawa nyingi za minyoo ya tumbo haziiui ya ini.