Haki au Hisani?

Mwaka 1963 Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliandika barua yake Pacem in Terris. Humo ataja chakula, nguo, nyumba na matibabu, tena msaada wakati wa ugonjwa, ujane, uzee na kukosa kazi pasipo kosa. Vyote aviita haki za mtu, kwa sababu tu ni mtu. Juzi tuliisoma tena, tukaiweka kando ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006. Fungu la 47 lasema haki ya afya na ya chakula imehakikishwa. Fungu la 48 lasema vivyo hivyo juu ya nyumba bora, maji safi na umeme.

Maneno mazuri. Lakini mafungu hayo yote mawili yaishia kwa kusema kwamba sheria itapanga namna yake. Hapo twailaumu. Mgonjwa akikosa dawa, apige hodi kwa nani?

Watu wa Kolwezi wanalijua swali hilo. Tangu zamani Union Minière, na baada ya mwaka 1967 Gécamines, iliwapa wafanyakazi wake nyumba, posho ya unga, hospitali na shule. Wazee huyasifu mambo hayo, wala hatuwacheki: mtoto aliyeshiba alisoma. Ila vyote vilifuata kazi. Mama aliyeuza mboga nje ya kambi aliugua homa ile ile, naye hakuwa na kitanda.

Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mpango huo uliitwa kuondoka kwa hiari, jina la ajabu kwa watu waliokaa miezi mingi bila mshahara! Pamoja na kazi yalikwenda matibabu. Kama yalikuwa hisani, aliyetoa aliweza kutwaa. Kama yalikuwa haki, kuna deni.

Wengine watuuliza: haki bila fedha yafaa nini? Ni swali la kweli, na barua ya Papa haionyeshi fedha zitoke mfuko gani. Sheria ya Migodi, iliyorekebishwa mwaka 2018, yajaribu kujibu: kampuni itoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya wenyeji wa mahali pa mgodi. Ni kidogo. Hata hivyo, kisima kikichimbwa kwa fedha hizo, ngoma hupigwa na kampuni hushukuriwa kama mfadhili. Sisi tungependa kwanza kuona hesabu zake zimebandikwa ukutani, mahali pa watu wote, kama hesabu ya deni linalolipwa.