Tangazo la Uhuru na Mipaka Yake

Tangazo la uhuru litolewalo vitani halina budi kusomwa mara mbili: kwanza kwa yale linayoyatamka, kisha kwa yale linayoyaacha. Tangazo la Abraham Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 ni mfano ulio wazi. Liliwataja kuwa huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Lakini wale wa Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, yaliyobaki upande wa serikali, halikuwagusa. Hata sehemu za Louisiana na Virginia zilitajwa moja moja ili zitengwe. Hiyo ni lugha ya jemadari ampigaye adui katika mali yake na kumhifadhi rafiki. Walakini hayakuwa maneno matupu: liliwafungulia watu weusi mlango wa jeshi, na Desemba 1865 katiba ikaukomesha utumwa nchini kote.

Tanganyika nayo ilifikia jambo hilo kwa njia ya vita. Wajerumani hawakuufuta utumwa; amri yao ya 1904 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905, wazazi wakabaki walivyokuwa. Waingereza waliiteka Arusha Machi 1916. Baada ya vita, mkataba wa Shirikisho la Mataifa uliowakabidhi nchi ukaagiza watumwa wote wakombolewe hatimaye. Neno hilo “hatimaye” lamtaka mtumwa angoje, wala halimwambii hata lini. Sheria ya nchi ya mwaka 1922 ndiyo iliyoumaliza ungojaji huo: tangu hapo hapana bwana aliyeweza kumdai mtu mahakamani kuwa ni mali yake. Sifa hiyo sheria ile yaistahili.

Upungufu wake waonekana mlimani Meru. Wameru na Waarusha hawakuwa watumwa kisheria. Lakini Wajerumani waliwalazimisha kujenga boma la Arusha, na mashamba ya walowezi yakauzunguka mlima. Sheria ilimtoa mtu mkononi mwa bwana. Haikusema atasimama juu ya ardhi gani. Mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui yakauzwa, na mengi yakaangukia walowezi wengine. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akayapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Hao wote walikuwa huru mbele ya sheria.

Marekani mambo hayakuwa mbali na hayo. Ardhi waliyopewa watumwa wa zamani katika pwani ya Georgia na South Carolina mapema mwaka 1865 ilianza kurudishwa kwa mabwana kabla mwaka haujaisha. Basi tangazo la uhuru lisidharauliwe, maana bila hilo mtu hana hata pa kuanzia kudai. Lakini aliye huru asiye na shamba hurudi kubisha mlango ule ule, safari hii akiomba kibarua.